Kombe ni la shule, masomo uliyokosa ni yako

Jumapili iliyopita mama mmoja wa ploti yetu hapa Umoja alinigongea mlango akiwa na bahasha mkononi. Anauza mitumba, na mwanawe wa Gredi ya 10 ni yule kijana mrefu ambaye kila jioni utampata kwenye uwanja wa basketi akirusha mpira hadi giza liingie. "Wewe ulisoma hizo shule za pesa na ulikuwa unacheza," aliniambia. "Nisomee hii kitu vizuri. Mimi niko na furaha mpaka naogopa nimeielewa vibaya."

Nikasoma. Shule ya kibinafsi, ya bweni, zile ambazo huingii bila kufanya mtihani wao na kuketi mbele ya walimu watatu wakikuuliza unapenda vitabu gani. Kijana atahama kutoka shule yake ya kutwa muhula ujao, atasoma na kulala bure hadi Gredi ya 12, "mradi adumishe kiwango cha kuridhisha katika michezo na masomo." Kuhusu masharti, barua ilikuwa na sentensi hiyo moja tu. Niliirudia mara tatu kisha nikamuuliza, "Na akiumia, mathe?"

"Ushindwe!" akasema, akicheka kidogo.

Sikuwa namtakia mtoto wake mabaya. Niliuliza kwa sababu mwaka wa 2016 niliingia Kidato cha Kwanza na barua kama hiyo, shule nyingine, nembo nyingine, maneno karibu yale yale. Sitaitaja shule hiyo. Walimu wengine walionifunza bado wako pale, na wengi wao walikuwa watu wazuri. Ninachotaka kusema si kwamba walikuwa wabaya. Ninachotaka kusema ni kwamba hili neno "kusawazisha michezo na masomo", ambalo kila siku ya zawadi mgeni wa heshima hulisimamia jukwaani na kulipiga domo, huwa limewekwa mgongoni mwa mtu asiyefaa kulibeba peke yake. Yaani mtoto wa miaka 16.

Wacha nikupeleke kwenye siku yangu moja, uhesabu mwenyewe.

Kengele ililia saa kumi na moja alfajiri. Wenzangu walienda prepu ya asubuhi, sisi wa timu tukaenda kukimbia, saa nzima. Tukaoga maji baridi, tukanywa chai, tukaingia darasani saa mbili. Masomo yaliisha kabla ya saa kumi jioni. Kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili na nusu tulikuwa uwanjani. Mbio kwenda bwaloni, ugali, sukuma, kisha prepu ya usiku hadi saa tatu na nusu. Sijui kama umewahi kujaribu kufanya hesabu za logi baada ya mazoezi ya saa mbili na nusu na sahani ya ugali. Mimi nilijaribu. Daftari langu la Kidato cha Tatu lina mistari ya kalamu inayoteremka mpaka chini ya ukurasa, pale nilipokuwa nasinzia nikiandika.

Saa moja asubuhi na saa mbili na nusu jioni, mara siku tano, ni saa 17 na nusu. Jumamosi tulikuwa na mechi, na ukiweka safari na kuosha jezi hiyo ni saa tano nyingine. Jumla saa 22 na nusu kila wiki. Hiyo ni kazi. Ukimwajiri mtu kwa saa hizo utamlipa, na hutashangaa akikosa muda wa kusoma.

Sasa linganisha na Marekani, ambako vijana wengi wa hapa huota kwenda kwa njia ya michezo. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, NCAA, kina sheria kwamba mchezaji wa chuo kikuu wakati wa msimu asizidishe saa 20 kwa wiki, wala saa nne kwa siku, na apewe angalau siku moja ya kupumzika. Najua sheria hiyo hupindwa. Hata mechi wao huihesabu kuwa saa tatu tu, haijalishi umekaa kwenye basi muda gani. Lakini ipo, imeandikwa, na ni ya watu wazima wa miaka 20 ambao chuo kimewawekea walimu wa kuwasaidia kufidia vipindi. Sisi tulizidisha, na aliyekuwa akihesabu ni kocha peke yake.

Mambo yalizidi kuchacha muhula wa kwanza. Hapa kwetu basketi ya shule za upili huchezwa muhula huo: kaunti ndogo, kisha mkoa, ukishinda unaenda mashindano ya kitaifa. Ukiwa na timu nzuri, ndivyo unavyokosa darasa zaidi. Mwaka wangu wa Kidato cha Tatu tulikuwa na timu nzuri sana.

Wakati huo ndipo mwalimu wa kemia alifundisha mada ya moli. Aliyesoma 8-4-4 anajua ninachosema. Moli si mada ya kusomewa na rafiki usiku mmoja kabla ya mtihani. Usipoielewa, hesabu zote za mchanganyiko wa asidi na besi zinakuwa ni kubahatisha. Halafu inarudi. Inarudi Kidato cha Nne, na inarudi tena kwenye karatasi ya tatu ya KCSE, ile ya maabara, ambapo unashika bureti, unadondosha tone kwa tone mpaka rangi ibadilike, halafu unaambiwa ukokotoe. Mikono yangu ilikuwa sawa kabisa, ni ya mchezaji, haitetemeki. Nilipata vipimo vizuri nikaviandika kwenye jedwali. Kutoka pale sikujua nivifanyie nini. Niliketi nikitazama dirisha, na nakumbuka niliwaza juu ya basi lile la timu na nyimbo tulizokuwa tukiimba siku moli inafundishwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema "kijana, jipange." Ukikosa wiki mbili za darasa huwezi kuzirudisha kwa kujipanga, kwa sababu mwalimu ameshasonga mbele, na saa za kufidia ndizo hizo hizo unazotakiwa kuwa mazoezini. Utajipanga na nini? Masomo hujengana kama matofali ya ghorofa. Likikosekana la chini, hakuna bidii ya kule juu itakayoziba.

Na kuna jambo jingine ambalo naona haya kidogo kulikiri. Sikuonewa tu, nilidekezwa. Nikilala darasani mwalimu alisema, "Mwacheni, huyo ni mchezaji." Nikikosa mtihani wa katikati ya muhula niliwekewa alama za kukadiria. Kazi ya ziada ya hesabu niliikopia kwa jamaa wa deski ya nyuma na hakuna aliyeuliza. Manze, nilijiona mtu mkubwa! Nikipita kwenye korido wadogo wa Kidato cha Kwanza walikuwa wakinifungulia njia. Nilidhani ile ni heshima. Ni baadaye sana nilipogundua kwamba kila aliyeniambia "wewe lala" alikuwa ameshaamua kimoyomoyo kwamba kichwa changu hakikuwa sababu ya mimi kuwa pale.

Ulegevu ule haukuwa kwa kila mchezaji. Darasani tulikuwa na muogeleaji, mtoto wa watu wenye uwezo, mzuri kweli kweli ndani ya maji. Naye alikuwa na mazoezi alfajiri. Lakini wazazi wake walilipa karo kamili, na Jumapili alikuja mwalimu wa kumfunza hesabu kwenye chumba cha wageni. Alipoanza kushuka alama, babake alipiga simu, na kijana akapumzishwa mashindano mawili. Mimi nani angepiga simu? Mamangu alikuja siku ya wazazi akiwa amevaa nguo yake ya kanisa, na kazi yake yote ilikuwa kusema asante. Asante mwalimu mkuu, asante kocha, asante matroni. Mtu anayesema asante hawezi kuuliza maswali magumu. Niliwahi kumwambia kwamba nimechoka, akanijibu kwamba uchovu wa bure ni afadhali kuliko mapumziko ya kulipia. Sikumlaumu na simlaumu hadi leo.

Niliumia muhula wa pili, Kidato cha Tatu, mazoezini, hata si kwenye mechi. Niliruka, nikatua mguu mmoja, goti likaenda kando. Kano ilikatika. Matroni aliniwekea barafu. Shule ililipia siku ya kwanza hospitalini, na yaliyobaki yakawa ya familia: kundi la WhatsApp, mchango, mkopo wa chama. Muhula wa tatu ulipofika mamangu alipokea barua nyingine, fupi kuliko ile ya kwanza, ikisema ufadhili wangu "umeangaliwa upya" na sasa tungelipa nusu ya karo. Kwa nini? Kiwango cha kuridhisha katika michezo kilikuwa hakipo, nilikuwa natembea na magongo. Na masomo? Alama zilikuwa chini. Kila kitu kilikuwa ndani ya ile sentensi.

KCSE ya 2019 nilipata C. Kuingia kozi ya digrii hapa nchini unahitaji C+. Nilikosa kwa alama ndogo hivyo. Nilijiunga na chuo kusomea diploma, nikasota na karo, mwaka wa pili nikaacha. Kuacha kule ni hadithi yake na siwezi kuiwekea goti lawama zote. Lakini nikikutana na watu wanaosema eti wachezaji hawana kichwa, huwa nakumbuka kwamba niliingia shule ile kwa kufanya mtihani kama wengine, na nikaupita.

Utaniambia wapo walioweza. Ndiyo, wapo, na hao ndio nataka tuwaangalie vizuri badala ya kuwatumia kama fimbo. Mike Boit alitwaa nishani ya shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka wa 1972, akasoma Marekani hadi akawa daktari wa falsafa, akarudi kuwa profesa wa sayansi ya michezo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka wa 2004 yeye na mwandishi Mmarekani John Manners walianzisha mpango wa KenSAP, wa kuwapeleka vijana wa Bonde la Ufa kwenye vyuo vikuu vya hadhi ya juu kule Marekani. Tazama walivyofanya. Walianza na waliopata alama za juu kabisa KCSE, kisha ndipo wakawapeleka uwanjani kuwapima mbio. Halafu hawakuwaacha wajipange. Waliwaweka pamoja wakawaandaa kwa mitihani ya kujiunga na vyuo hivyo.

Mwingine ni Edward Cheserek. Aliondoka hapa akiwa kijana wa shule, akaingia St. Benedict's Prep, shule ya upili ya kibinafsi mjini Newark, kisha Chuo Kikuu cha Oregon, ambako alishinda mataji 17 ya NCAA. Watu wetu hutaja hayo 17 tu. Wanasahau kwamba huko huwezi hata kukanyaga uwanja wa daraja la kwanza la vyuo bila kufikisha wastani wa 2.3 katika masomo 16 ya msingi ya shule ya upili. Yaani kwa kijana wa Kayole anayeota ufadhili wa ng'ambo, moli ya kemia ni sehemu ya mazoezi. Kocha anayekutoa darasani kila wiki anakupunguzia nafasi ya kuchezea mbali.

Sasa niwape shule haki yao. Shule ya kibinafsi haipati ule mgao wa serikali wa kila mwanafunzi. Nafasi ya bure ya mtoto mmoja hulipiwa na karo ya wengine, na wazazi wanaolipa wana haki ya kuuliza wanapata nini. Mkuu wa shule yuko kati ya mambo mawili: anataka kombe kwa ajili ya sifa, na anataka wastani mzuri wa mtihani kwa sababu ndio unaomletea wazazi wapya. Mchezaji mwenye D ya kemia anamletea la kwanza na kumharibia la pili. Naelewa. Lakini shule haikutuchukua kwa huruma. Picha yetu tukiinua kombe ilikaa kwenye bango la barabarani mwaka mzima. Nilikuwa nalipita kwa matatu nikiwa na magongo yangu, na konda mmoja alinitambua akanipunguzia nauli. Shule ilifaidika na kazi yangu. Anayefaidika na kazi ya mtu huchangia gharama ya kazi hiyo, ikiwemo goti na ikiwemo wiki mbili za kemia.

Wengine watasema mtaala mpya umeshatatua haya, kwa kuwa Gredi ya 10 iliyoanza Januari mwaka huu ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mimi naufurahia mkondo huo, natamani ningeupata. Ila nina wasiwasi. Sayansi ya michezo ni somo, lina misuli na mifupa na lishe na mitihani yake, na nimeanza kusikia watu mtaani wakisema "huyo ni mrefu, mpeleke michezo," kama vile ni pa kutupia asiyetaka kusoma. Halafu mkondo hauongezi saa kwenye siku. Kengele bado italia saa kumi na moja.

Basi nilichukua daftari nikaketi na yule jirani, tukaandika maswali ya kupeleka shuleni. Akiumia akiwachezea, ufadhili unaendelea hadi amalize Gredi ya 12, ndiyo au hapana? Hospitali analipa nani, ya siku ya kwanza tu au mpaka apone? Akiwa kwenye mashindano wiki nzima, ni mwalimu gani atamfunza alichokosa, na saa ngapi? Saa za mazoezi kwa wiki ni ngapi, na nani mwingine anazihesabu mbali na kocha? Nilisisitiza sana swali moja: alama zikishuka, mtafanya nini kwanza? Kwa maoni yangu jibu zuri ni kumkalisha benchi na kumfunza hadi alama zipande. Anyimwe mechi, asinyimwe shule. Ukimkalisha benchi, kocha mwenyewe atakimbilia kwa mwalimu wa kemia kuuliza kijana anaendeleaje. Ukimwondolea karo, kocha atatafuta mrefu mwingine. Na majibu hayo yote yawekwe kwenye karatasi, yatiwe sahihi. Ahadi ya mdomo hukaa shuleni kwa muda ule mkuu huyo yupo.

Mama alienda Jumatano na daftari lake. Aliniambia naibu mwalimu mkuu alimsikiliza vizuri, akamletea chai, kisha akasema kwamba kwa miaka yote hakuna mzazi wa mwanafunzi wa ufadhili aliyewahi kuja na orodha. Kuhusu mazoezi alimjibu papo hapo: saa mbili jioni, hakuna asubuhi. Kuhusu vipindi vya kufidia alisema watampangia Jumamosi alasiri. Kuhusu kuumia alisema lazima aulize bodi, na kwamba atapigiwa simu.

Leo ni Ijumaa na simu haijapigwa. Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Jana jioni nilipita uwanjani, kijana akaacha mpira akanifuata hadi kwenye ukuta. Hakunisalimia. Aliuliza tu, "Buda, na wakisema wamechukua mwingine?"

Nilimwambia bado ana nafasi yake katika shule anayosoma sasa. Alinitazama kidogo, akarudi kurusha mpira.